Kalamu Chini: Mwalimu Wetu wa Historia wa Jogoo Road

Ukichelewa kuingia darasani mwake, ulilipa tarehe. Hakukuwa na kiboko, wala kupiga magoti nje ya mlango, wala kufyeka nyasi kando ya uwanja. Ulisimama mlangoni ukataja tarehe moja ya historia na tukio lake, na sharti lilikuwa isiwe imeshalipwa na mwingine muhula ule. Ukirudia, ulibaki nje hadi upate nyingine. Kwa hiyo asubuhi za mvua, Jogoo Road inapofunga kuanzia City Stadium hadi Hamza, ungewakuta wanafunzi wamejipanga ukutani wakinong'onezana: "Fashoda imelipwa?" "Imelipwa Jumanne." "Mekatilili je?" "Unajua mwezi? Huyu hataki mwaka mtupu."

Vijana wa Dandora ndio waliokuwa matajiri wa tarehe. Matatu ziliwachelewesha kila siku, wakalipa kila siku, na kufikia katikati ya mwaka walikuwa wamemaliza zote zilizomo kitabuni, wakaanza kuzitafuta kwa wajomba na kwenye magazeti ya kufungia nyama. Mmoja alisimama mlangoni akasema, "Tarehe 30 Mei 1899, reli ilifika Nairobi." Mwalimu akaweka chaki chini. "Kaa," akamwambia. "Hiyo ndiyo siku mliyozaliwa nyote, na hakuna hata mmoja wenu anayeisherehekea."

Jina lake silitaji. Hakupenda kutajwa akiwa hai, na familia yake ipo. Sisi tulimwita Bismarck, nyuma ya mgongo wake bila shaka, na sababu nitaieleza. Mbele yake alikuwa Mwalimu. Maodijo wengine, kama tulivyowaita walimu mtaani, waliitwa kwa masomo yao au kwa kasoro zao.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1988, katika shule ya kutwa iliyojibana nyuma ya nyumba za kanjo, yaani halmashauri ya jiji, hatua chache kutoka Jogoo Road. Tulikuwa kundi la tatu la mfumo wa 8-4-4 kufika mwisho wa sekondari; mtihani wa KCSE wa kwanza kabisa ulifanywa 1989. Wazazi walikuwa bado hawajauelewa mfumo huo. Watoto walirudi nyumbani na kikapu walichosuka, na baba akauliza kama hiyo ndiyo elimu aliyoilipia karo. Somo letu liliitwa Historia na Serikali, na serikali ya wakati ule ilikuwa haipendi kuulizwa maswali.

Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni. Aliuliza, "Wangapi mmezaliwa Pumwani?" Mikono ikainuka, karibu darasa zima. Akatueleza kwamba ile hospitali ilianza 1926 ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana. "Kwa hiyo," akasema, "mlishaingia katika historia ya ukoloni kabla hamjakatwa kitovu. Msiniambie historia ni mambo ya Ulaya."

Halafu akatupa kazi ya nyumbani: kila mmoja aende akaulize mtaa wake umeitwa hivyo kwa nini. Ilionekana kazi ya mtoto wa shule ya msingi. Tulirudi wengi tukiwa hatuna jibu, na waliorudi na jibu walirudi wamenyamaza kidogo. Kijana wa Kariokor alikuwa ameambiwa na babu yake kuhusu Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliobeba risasi na unga vichwani hadi ndani ya Tanganyika wakimfukuza Mjerumani. Mwalimu akaongezea kwamba Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, na chanzo ni hicho hicho. Kwamba hesabu za Waingereza wenyewe za wapagazi waliokufa zinazidi 40,000, wengi wao kwa njaa na kuhara damu. Na kwamba mjini, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya watu watatu tunayopita chini yake kila tukienda kununua viatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Jumamosi ile tulikwenda kuitazama. Nilikuwa nimeipita maisha yangu yote nikidhani ni mapambo.

Wa Ofafa, yaani Jericho na Maringo, walijifunza kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa jiji na mweka hazina wa Luo Union, akauawa kwa risasi 1953. Wa Mbotela walijifunza kwamba Tom Mbotela alikuwa kiongozi katika KAU, chama cha siasa cha Waafrika, akauawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Wote wawili waliuawa wakati wa Mau Mau na mitaa ikapewa majina yao na Wazungu. Mwalimu alituachia hapo. Kijana mmoja akauliza, "Basi walikuwa mashujaa au wasaliti?" Akajibu, "Mitaa imeitwa kwa majina yao. Nani aliyetoa majina, na mwaka gani? Anza hapo." Swali hilo, nani aliyetoa jina na mwaka gani, nimelitumia katika kazi yangu ya uandishi kuliko lolote nililofundishwa chuo kikuu.

Ukoo wa Mbotela ulitoka Freretown, Mombasa, kwa wazao wa watumwa waliokombolewa. Mtu mwingine wa jina hilo, Leonard Mambo Mbotela, ndiye tuliyemsikia redioni asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 akilazimishwa na wanajeshi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sote tulikuwa watoto wadogo siku hiyo, lakini mtoto wa Eastlands asingeweza kuisahau. Kambi ya Jeshi la Anga ya Eastleigh ilikuwa jirani yetu. Mwalimu alikaribia kuieleza, kisha akageuka dirishani, akasema, "Hilo halitahiniwi." Tulilizoea neno hilo. Tulijua kwamba lisilotahiniwa ndilo la kusikiliza.

Sasa la Bismarck. Tulikuwa mikondo miwili, Mashariki na Magharibi. Siku ya somo la mkutano wa Berlin, ule ambao Bismarck wa Ujerumani aliwaita Wazungu kuhusu kuigawana Afrika, Mashariki walikuwa uwanjani kwa michezo. Mwalimu akachukua vijana watano wa Magharibi, mimi nikiwa mmoja wao, akatupeleka katika darasa tupu la wenzetu na kutupa chaki. "Wewe Uingereza, wewe Ufaransa, wewe Ubelgiji, wewe Ureno, wewe Ujerumani. Gaweni." Yeye akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akakunja masharubu ambayo hakuwa nayo, akaanza kuzungumza kwa sauti nzito ya Kijerumani cha kubuni. Tulichora mistari sakafuni. Tuligombania dirisha, tukagombania dawati la nyuma ambalo kila mtu alijua huhifadhiwa ngumu, yale maandazi magumu ya saa nne. Ubelgiji, kijana mdogo kuliko wote, alichukua katikati ya darasa huku sisi wakubwa tukibishana juu ya kona.

Mashariki waliporudi na jasho lao walikuta mistari na amri: hakuna kuvuka bila ruhusa. Marafiki waliokaa dawati moja walijikuta mmoja yuko Ufaransa na mwingine Uingereza. Mmoja alikuwa na mfuko wake wa vitabu ng'ambo ya mpaka. Nusura wapigane kweli, na Ubelgiji alitafuna ngumu za watu bila aibu. Mwalimu aliwaacha kwa dakika nyingi kuliko ambavyo mwalimu mwingine angethubutu. Kisha akasimama kati ya mistari, akawauliza Mashariki, "Mlikuwa wapi tulipokuwa tunagawa?" Wakasema, uwanjani. "Basi. Na Mmaasai alikuwa malishoni, na Mdigo alikuwa baharini anavua, na Mteso shambani, na Msomali kisimani." Akafuta mistari yetu kwa kiatu, akasema, "Hii inafutika. Ile haijafutika." Berlin, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Sikuwahi kuikariri.

Lazima niseme pia kwamba hakuwa mwalimu kamili. Insha zetu zilikaa kwake hadi tukasahau tulichoandika, na ziliporudi zilikuwa na duara za vikombe vya chai. Misri ya kale na Mesopotamia alizipitia mbio mbio kwa sababu hazikumvutia, na waliotaka alama za karatasi ya pili walijifunza wenyewe usiku. Alikuwa na wapenzi wake darasani na hakuficha. Wanafunzi waliotaka notisi nadhifu za kukariri walimlalamikia, na kwa upande wao walikuwa na haki: mtihani haukuuliza Kariokor.

Lugha ya somo ilikuwa Kiingereza. Aliyekamatwa akisema Kiswahili au Sheng alivishwa kibao cha mbao shingoni, akazunguka nacho hadi amkamate mwenzake. Mtoto wa Eastlands kupigwa marufuku Sheng ni kama kuku kukatazwa kuparua, na kibao hakikukosa shingo. Siku moja kijana aliingia somo la historia amekivaa. Mwalimu akamtazama, akasema, "Weka ndani ya shati. Kipande kilifutwa 1947." Tulicheka, wengine bila kuelewa. Juma lililofuata aliyeelewa alileta kipande chenyewe.

Maana alikuwa ametuagiza tulete kitu chochote cha nyumbani kinachotuzidi umri. Meza yake ikajaa. Kijana wa Majengo alileta kipande cha babu yake, kitambulisho cha enzi za ukoloni, karatasi ya alama za vidole iliyokunjwa ndani ya kile kijikopo cha bati ambacho Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi, kwa kuwa kilining'inia shingoni vivyo hivyo. Kijana mwingine alileta medali ya Burma. Babu yake alikuwa King's African Rifles, akapigana na Wajapani mwaka 1944 katika misitu asiyoweza kuieleza kwa mtu. Sote tulikula nyama soko la Burma tusijue kwamba wenyeji huliita hivyo kwa askari waliorudi kutoka huko. Kuna aliyeleta kadi ya kodi ya nyumba ya kanjo, shilingi na senti zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Na mtoto wa Bahati alileta pasibuku ya nyanya yake, ya mwaka 1954.

Hiyo pasibuku aliishika kwa muda. Akatueleza Operation Anvil: alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakapita mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, Bahati, Pumwani, Kariokor, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapakia malori kwenda Lang'ata na kisha Manyani na Mackinnon Road. Waliobaki hawakuweza kukaa Nairobi bila kitabu kama kile. Akamwambia yule kijana akirudishe nyumbani siku hiyo hiyo, amwombe nyanya msamaha kwa kukitoa bila kumwambia, kisha amwulize alikuwa amesimama wapi asubuhi ile. Kijana aliporudi na jibu, mwalimu alisema maneno mawili ambayo tulikuwa tumeanza kuyangojea.

"Kalamu chini."

Ndivyo alivyofanya. Akisema kalamu chini, Kiingereza kiliondoka na Kiswahili kikaingia, na hukuruhusiwa kuandika neno. Mwanzoni tulidhani ni mbinu ya kutufanya tusikilize. Baadaye tukaelewa. Miaka ile daftari la mtoto lingeweza kuokotwa. Darasani mlikuwa na watoto wa polisi kutoka kwenye nyumba za polisi za Shauri Moyo, na baba wa mtu yeyote angeweza kuwa Special Branch, polisi wa siri. Wahadhiri wa historia walikuwa wameshafungwa. Mmoja wao, Maina wa Kinyatti, alitoka gerezani mwaka ule ule tulioingia kidato cha kwanza, baada ya miaka 6. Neno lisiloandikwa haliwezi kuletwa mahakamani.

Jumamosi moja tulipokuwa kidato cha tatu alituagiza tukutane City Stadium saa tatu asubuhi, bila sare. Tukatembea hadi Kaloleni. Ndiko alikokulia, baba yake alikuwa karani wa kanjo. Nyumba zile za vigae zilijengwa miaka ya 1940, na mafundi wengi walikuwa Waitaliano waliotekwa vitani. Zilipangwa kuzunguka uwanja wa kijani na jumba la mikutano katikati, na lile jumba, akatuambia, wazee waliliita Bunge. Waafrika walikuwa hawajachagua mbunge hata mmoja, lakini walikuwa na bunge lao Kaloleni.

Tuliingia. Lilikuwa jumba la kawaida tu, viti vya plastiki vimerundikwa, kikundi cha vijana wakifanya mazoezi ya ngumi kwenye kona. Akatuketisha sakafuni. Akasema: tarehe 23 Aprili 1950, hapa, KAU na East African Indian National Congress waliitisha mkutano wa pamoja, na Mhindi mmoja mwenye kilemba akasimama akatoa hoja kwamba Waafrika na Waasia wanataka uhuru kamili, sasa, si baadaye. Jina lake Makhan Singh. Katika notisi zetu alikuwa mstari mmoja, kwenye orodha ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wa tatu kutoka juu. Mwalimu alimtoa kwenye orodha. Alitueleza jinsi alivyokuja Nairobi kutoka Punjab akiwa mvulana, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, akaanzisha chama cha wafanyakazi 1935 na kukifungua kwa watu wa rangi zote wakati hata vyoo vya mji vilitengwa. Mwezi mmoja haujaisha baada ya mkutano wa Kaloleni, tarehe 15 Mei 1950, akakamatwa pamoja na Fred Kubai. Kesho yake mitaa hii ikagoma. Wazoa taka, wapishi wa hoteli, madereva, wafanyakazi wa reli. Mji ukasimama kwa zaidi ya wiki. Kubai alishtakiwa. Makhan Singh alipelekwa kaskazini, akazuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

"Na alipotoka?" mmoja wetu akauliza.

"Alipotoka uhuru ulikuja. Yeye hakuitwa mezani." Alikufa 1973. Mwalimu akainuka, akapangusa suruali. "Mlikuwa mmekaa mahali alipokuwa amesimama. Twendeni tukanywe chai."

Katika jumba lile tulikuwa vijana wa makabila manane au tisa na Mhindi alikuwa mtu wa dukani tu, wa kukuuzia soksi na kukutazama mikono. Sijui kama kuna somo jingine lililonibadilisha jinsi ya kutazama watu kama asubuhi ile.

Kuna siku alikuja mgeni. Bwana mmoja wa makamo, koti la kijivu, akaketi nyuma na daftari lake. Tuliambiwa ni mkaguzi. Huenda alikuwa. Mwalimu alikuwa ameahidi kuendelea na habari za Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa. Akamtazama mgeni, akatabasamu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: Mapinduzi ya Kilimo Uingereza. Nawaambia hakuna mtu aliyewahi kufundisha turnipu kwa moyo kama ule. Alimleta Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu. Alimleta Lord Townshend na mzunguko wake wa mimea minne. Alituuliza maswali, na sisi, ambao siku zote tulimbishia, tukajibu kwa pamoja kama kwaya ya kanisa, mikono juu, ndiyo Mwalimu, asante Mwalimu. Vijana wa Dandora walitoa tarehe za kuzaliwa na kufa za ng'ombe wa Robert Bakewell, nadhani za uongo. Mgeni aliandika kurasa mbili, akaondoka ameridhika au amechoka. Mlango ulipofungwa, Mwalimu aliendelea na turnipu hadi kengele. Alikuwa mwangalifu namna hiyo.

Mwaka 1990 ulikuwa mgumu. Februari, Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru na mwili wake ukapatikana umechomwa. Juma lile Mwalimu aliingia bila salamu, akaandika ubaoni miaka mitatu tu, bila jina: 1965, 1969, 1975. Pinto, Mboya, J.M. Kariuki, wanasiasa waliouawa miaka hiyo. Hakuna aliyeuliza, watoto wa Eastlands walijua Mboya alipigwa risasi Jumamosi mchana akitoka duka la dawa, na wazazi wetu walikuwa wamejipanga barabarani jeneza lake lilipopita. Chini ya miaka hiyo akaandika 1990. Akaiacha hapo muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi thelathini. Kisha akachukua dasta, akafuta, akasema tufungue kitabu.

Mei, kanjo walibomoa Muoroto, kile kijiji cha mabanda karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, na watu wakapigana nao. Kanda za nyimbo kuhusu siku hiyo zilisikika ndani ya matatu hadi makanga wakaanza kukamatwa kwa kuzipiga. Julai ikaja Saba Saba. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano wa kudai vyama vingi Kamukunji tarehe 7; wakawekwa kizuizini siku tatu kabla, na watu wakaenda hivyo hivyo. Kamukunji ni nyuma tu ya kwetu. Moshi wa kutoza machozi uliingia hadi jikoni. Watu walikufa, kwa hesabu ya serikali kama 20, na ghasia zikaendelea hadi juma lililofuata.

Jumatatu darasa lilikuwa nusu tupu. Kwa mpango wa masomo tulipaswa kuwa kwenye vita vya pili vya dunia. Mwalimu akatufundisha Machi 1922. Harry Thuku amekamatwa, watu wamekusanyika nje ya kituo cha polisi cha Kingsway, wametembea kwa miguu kutoka Pangani na Pumwani, wazee wanataka kurudi nyumbani, na mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, anawaambia wanaume wampe suruali zao. Askari wanafyatua. Serikali ikahesabu 21 waliokufa. Waliokuwepo walihesabu zaidi sana, naye Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Alisimulia yote bila kupandisha sauti, bila kutaja Kamukunji hata mara moja. Hilo lilikuwa linatahiniwa. Tuliandika kila neno.

Tulifanya KCSE mwishoni mwa 1991, mwezi ule ule wapinzani wa FORD walipojaribu tena kufanya mkutano Kamukunji, tarehe 16 Novemba, na mawakili wakazunguka mitaani juu ya gari huku polisi wakiwafukuza. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa na vyama vingi vikarudi. Niliposikia habari hiyo redioni nilimfikiria yeye kwanza, nikajiuliza kama sasa angeturuhusu kuinua kalamu.

Nilimwuliza hivyo miaka mingi baadaye. Tulikutana mjini mwaka 2011, sanamu ya Tom Mboya ilipokuwa imetoka kusimamishwa Moi Avenue, hatua chache kutoka alipouawa. Alikuwa amestaafu, koti lake la kahawia bado lile lile kwa macho yangu. Nilikuwa nimechelewa, na kabla sijamwamkia alinyoosha mkono akingoja. "Shikamoo Mwalimu," nikasema, "18 Februari 2007, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa." Akacheka, akasema inakubalika lakini ni rahisi mno. Tuliketi tukanywa chai. Aliipenda sanamu ya Mboya. Alisema Mboya alipigwa risasi mbele ya watu na sasa amesimama mbele ya watu, ni sawa. Kuhusu kalamu alisema aliona afadhali tukumbuke kuliko tuandike, kwa sababu aliyeandika hujiruhusu kusahau. Nilimbishia. Nilimwambia darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya arobaini na kila mmoja anakumbuka kipande chake tu, na tukifa sote kitabaki nini? Alikoroga chai. "Basi andika wewe," akasema, "ila weka tarehe."

Alifariki nyumbani kwake, akazikwa Lang'ata. Baadhi ya waombolezaji walishangaa, maana kwetu Kenya mtu wa mjini hurudishwa mashambani kuzikwa. Yeye alikuwa ameagiza mapema kwamba hana mashambani. Kwao ni Kaloleni. Hadi siku ile wengi wetu hatukuwa tumejua kabila lake. Alizungumza na mzazi wa kila mwanafunzi kwa lugha ya mzazi huyo, na tulidhani kila mmoja wetu kwamba ni mtu wa kwetu.

Sasa mitaa yenyewe iko njiani kuondoka. Nyumba za zamani za kanjo kule Pangani zilishabomolewa na magorofa yakasimama, na mipango ya mitaa mingine ya Eastlands imezungumzwa kwa miaka. Sina ugomvi na nyumba mpya. Niliishi katika chumba kimoja na ndugu zangu wanne na siwezi kumwambia mtu akiheshimu chumba hicho kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Lakini wakati wa kuhama ndio wakati wa kutupa. Ikiwa kwenu kuna kijikopo cha kipande, pasibuku, kadi ya kodi, medali au picha iliyopigwa nje ya jumba la Kaloleni, usiiache kwenye takataka za fundi. Ipige picha. Mwulize mwenyewe angali hai alikuwa wapi, na pamoja na nani. Kisha andika nyuma yake jina, mtaa na mwaka.